Mwanamke wa Dirishani

Sisi tuliokulia Mansoura, mtaa wa maghorofa huko ughaibuni, enzi za simu za vibonye, uwanja wetu ulikuwa ngazi. Lifti ikiharibika tulishukuru, kombolela, mchezo wetu wa kujificha, linoge. Tukirudi tunanuka jasho, tunakunywa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, na chapati za asubuhi. Watoto wa leo lifti ikikwama dakika mbili wanapiga simu kwa baba.

Sebuleni kwetu palikuwa na picha ya rangi za mafuta aliyoiacha mpangaji wa zamani: mwanamke anashona dirishani, kikombe pembeni. Ukiisogelea huoni mtu, ni madoa mazito tu, kama mchoraji alikuwa akiuwahi mwanga usimkimbie. Uso hauna macho. Kivuli chake si cheusi, ni cha zambarau. Mwenye nyumba alikataza isitolewe, basi mama, Mzanzibari asiyetaka sura za watu ndani wala yeye kupigwa picha, aliifunika kanga kila wakati wa sala. Akimaliza anaifunua, anasema yule naye apate hewa.

Mimi nilimwogopa yule mwanamke. Mama alikuwa akinicheka.

"Rudi nyuma, mwanangu. Ukimsogelea sana unampoteza."

Alasiri moja ya vumbi, mji wote umegeuka manjano, nilirudi shule nikamkuta mama dirishani anashona kofia ya baba. Nikamwamkia, hakuitikia. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso siuoni. Kivuli chake sakafuni kilikuwa cha zambarau. Ukutani kanga ilikuwa bado imefunika picha, na sikuthubutu kuifunua nione kama yule mwingine yumo. Nikabaki mlangoni, nikachukua simu ya baba iliyokuwa kwenye chaji, nikampiga picha. Sijui kwa nini.

Ndipo akainua kichwa, akasema chai inapoa.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Hana picha nyingine. Nimeihamisha hiyo moja simu hadi simu, maana sura yake imeanza kunitoka na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Juzi nilimwonyesha binti yangu bibi yake. Kama wenzake wote wa siku hizi, akaikuza kwa vidole mpaka ikawa madoa.

"Mama, hapa hakuna mtu."

Nikaiegemeza simu kwenye kikombe, nikamshika mkono, tukarudi nyuma hadi mlangoni. Akatokea, anashona. Binti akauliza mbona bibi hana macho, kisha akachoka akaenda kwenye michezo yake ya tableti. Zamani ilitosha kusimama mlangoni kidogo tu, mama akainua kichwa. Siku hizi nasimama mpaka chai inapoa.