Mama Chapa na skrini iliyovishwa foronya

Saa moja kasoro robo asubuhi, mlango wa chuma wa duka la steshenari umefunguliwa nusu. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anawasha kompyuta, anatoa foronya ya mto kwenye mkoba, anaivisha skrini mpaka chini, kisha anaanza kupiga chapa. Usicheke. Ana akili zake timamu.

Vidole vinakimbia, macho yanatazama ukuta.

"Nikiiona sentensi, naifuta," anasema bila kusimama. "Nisipoiona, inasalimika."

Wateja wanamwita Mama Chapa. Kwa miaka kumi na tisa ameandika hapa barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi na, zaidi ya yote, wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Anakadiria umepita mia saba. Familia inakuja macho yamevimba, inamsimulia dakika ishirini, na kabla chai yake haijapoa ukurasa uko mezani. Nani angedhani mtu kama huyo anaweza kukwama?

Alikwama. Tena kwa baba yake mzazi.

Mzee ana miaka themanini na mmoja, fundi saa mstaafu. Mwaka jana alimwita bintiye akamwambia, "Hao wote unaowaandikia, nani aliyewahi kusikia? Mimi niandikie sasa, nisomewe nikiwa bado na nguvu ya kubisha."

Haukuwa mzaha mtupu. Daktari alishawaambia kuwa kumbukumbu za mzee zinaondoka. Alianza kwa kusahau siku, akasahau mtaa, kisha akamwita bintiye kwa jina la shangazi aliyefariki zamani.

Mama Chapa akaketi aandike. Miezi mitano ikakatika, sentensi moja. Akaifuta, akaiandika, akaifuta tena. Akachungulia simu. Akapanua pambizo.

"Nilijaribu herufi za aina kumi na moja," anasema akicheka. "Ukurasa ulipendeza jamani! Mtupu, lakini umependeza."

Kila wiki mzee aliuliza, "Umefika wapi?" Naye akajibu, "Nakaribia kumaliza, baba." Anakiri kwamba kilichomuuma zaidi ni kumdanganya mtu ambaye kesho yake hakumbuki hata kama aliuliza.

Ndipo akakumbuka chuo cha uhazili. Huko mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa ili wasitazame vitufe. Akajiambia, basi safari hii nafunika skrini. Simu akamkabidhi dada wa fotokopi, anayeifungia kwenye droo mpaka saa mbili.

"Hata akilia simpi," anasema dada huyo, na uso wake unaonyesha hatanii.

Asubuhi ya kwanza Mama Chapa alipiga kurasa tatu bila kupumua. Akaivua foronya kwa madaha, akakuta takataka. Kibodi ni kuukuu, na vile vinundu viwili vya kuongoza vidole vilishalika. Mikono yote miwili ilikuwa imekaa kitufe kimoja kulia tangu mwanzo. Palipotakiwa "baba" palisomeka "nsns".

"Nilitaka kulia. Huyu dada akachungulia akauliza, 'Hiyo ni lugha ya wapi?' Tukacheka mpaka tukashika mbavu."

Hakufuta. Alizichapisha, akachukua penseli na kuanza kurudisha herufi moja moja. Kazi ya siku mbili. Neno lilijitokeza polepole, na kabla hajalikosoa lilikuwa limeshafuatwa na jingine. Katika ukurasa wa pili akakuta baba yake akimwekea saa sikioni, kabla ya kuitengeneza na baada ya kuitengeneza, akimwita mkaguzi wake mkuu. Hakukumbuka kuwa ameliandika jambo hilo. Akaacha penseli, akaenda kunawa uso.

Siku hizi vitufe viwili vya katikati vina tone la gundi kavu mahali pa vile vinundu, na kazi imefika ukurasa wa thelathini na moja.

Jumamosi huwa anampelekea mzee kurasa. Jumamosi iliyopita alisoma ule wa saa, mzee akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho amefumba. Ghafla akayafumbua.

"Acha uongo wewe! Kabla ya kuitengeneza? Saa imekufa, ningekuwekea sikioni usikie nini? Ilikuwa baada tu."

"Samahani, baba. Nitarekebisha."

"Rekebisha. Mkaguzi gani wewe!"

Na jina lake akalitaja, lake halisi, siyo la shangazi.

Ukurasa huo ameshamsomea mara nne. Mara zote nne mzee amesahau kuwa aliusikia, na mara zote nne amebisha palepale.

Mama Chapa anapanga kumaliza kurasa hamsini na kumchapia baba yake nakala moja ya herufi kubwa. Makosa yote atayasahihisha, isipokuwa lile la saa.

"Hilo sitaligusa," anasema akiikunja foronya, kwa kuwa saa mbili imefika na mteja wa kwanza anainama kupita chini ya mlango. "Nikilitoa, baba atanibishia nini?"