Mume Wangu Anataka Jina la Mwanaume Aliye Kwenye Kaseti Yangu

Wapendwa wa ukurasa huu, nificheni jina kwa sababu huku Othaya tunajuana. Nina miaka 28, nimeolewa, na Mungu amenipa msichana mmoja, Njeri. Huwa naimba nyimbo za kanisa, na kuimba huko ndiko sasa kunataka kunivunjia nyumba.

Majuzi nilipata nafasi ya kurekodi kaseti kwenye studio moja ndogo pale Nyeri. Wenzangu wawili wa kwaya ndio wangeniitikia, lakini mvua ilinyesha barabara ikaharibika, wakashindwa kufika. Fundi wa studio akaniambia, "Usijali, sister. Wewe imba tu, hao wa kuitikia nitawatoa hapa kwa kompyuta." Nikadhani ananitania. Akachukua sauti yangu, akaipandisha ikawa nyembamba kama ya mtoto, kisha akaishusha ikawa nzito, ya mwanaume kabisa. Zote mbili akazipanga nyuma ya ile yangu ya kawaida. Nilicheka mpaka machozi, kumbe sikujua nachekea nini.

Nilipomwekea mume wangu ile kaseti, alisikiliza wimbo wa kwanza, akaurudisha nyuma, akausikiliza tena. "Huyu mwanaume ni nani?" Nikamweleza yote. "Ati kompyuta? Kompyuta iko na koo? Mama Njeri, mimi si mtoto. Mnapumua pamoja! Watu hawawezi pumua pamoja hivyo kama hawajazoeana."

Jamani, tunapumua pamoja kwa sababu pumzi ni moja, ni yangu! Nilijaribu kumwimbia kwa sauti nzito ili aamini, nikaishia kukohoa. Njeri alicheka, baba yake hakucheka. Nikamsihi twende Nyeri ajionee mwenyewe, akasema fundi na huyo bwana ni kitu kimoja. Mama mkwe naye ameisikia, anaapa sauti hiyo anaijua, ni ya mwalimu fulani wa kwaya huko Kiriaini. Mtu wa watu, ana mke wake, na hata hatujawahi kusalimiana! Nikikumbuka hayo hasira inanipanda.

Siku hizi mume wangu anakula kwa mamake. Jumamosi wazee wa kwao wanakuja. Amesema nikimtaja huyo mwanaume na kuomba msamaha, yataisha. Nikikataa nirudi kwetu, na Njeri abaki. Mama yangu mzazi ananiambia, "Kubali tu, mwanangu, uokoe nyumba yako." Nikubali nini sasa? Nikimtaja mwalimu, nimemharibia mtu asiye na kosa. Nikisema ukweli, nitaondoka bila mtoto wangu, na sijui nitaishi vipi bila yeye.

Wazee watanikalia mbele wakitaka jina la mwanaume aliyeimba na mimi. Jina nililo nalo ni moja tu, na ni langu. Nishaurini ndugu zangu, Jumamosi nikiulizwa nijibu nini?