Mwanya wa Nyembe Tatu

Mama mkwe wangu alitakiwa kutoka Kibombo kabla ya Ijumaa, maana daktari wa macho alikuwa hapa Kindu kwa juma moja tu, na jicho lake la kulia lilikuwa limefikia hali ya kuchanganya mbuzi na mlango. Treni haikuwa na siku inayojulikana. Pikipiki ya taksi aliikataa: hapandi nyuma ya mwanaume ambaye hakumzaa. Nyuma yangu mimi, mkwe, ndiyo kabisa. Sisi wawili hatujawahi hata kula meza moja, sembuse yeye anishike kiuno siku nzima porini. Basi mke wangu ndiye angeenda kumleta, na kazi yangu ilikuwa kumpa mke wangu pikipiki inayotembea.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani. Nadhani waungwana wa Zanzibar, wale wa misafara ya pembe, waliikuta hapahapa. Silinda ilikuwa imechongwa upya, na sokoni nilipata pistoni inayoitosha, pamoja na segma zake mbili, zile pete nyembamba za chuma zinazoizunguka. Seti moja tu. Segma huvunjika kama biskuti, na nyingine haikuwepo kati ya hapa na mwisho wa dunia.

Nina diploma ya shule ya jioni, na nilikuwa wa kwanza darasani, ingawa siku ya mtihani wengi walikuwa na malaria. Lakini kupima segma nilifundishwa na mjomba wangu, miaka ya vita. Wakati ule reli ilikuwa imekatika, mto umefungwa, na kitu kilikuja kwa ndege au hakikuja. Mjomba alitoa pistoni kwenye mashine ya kusaga muhogo iliyokufa, akaipunguza kwa tupa, akaivika pikipiki. Segma aliisukuma kwanza peke yake ndani ya silinda, akapima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa nyembe za kunyolea. Tatu zikipita pamoja, sawa. Mwanya ukiwa mdogo, mota ikipata moto zile ncha zinakutana, segma inabana silinda, na gurudumu linasimama wakati wewe bado unaenda.

Nyumba nzima ilikuwa na nyembe tatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, ndevu nne, na msichana wa kumtembelea karibu na stesheni. Nilichukua wembe mmoja, nikaupinda niugawe nusu ninyolee, ukakatika vipande vipande. Sikusema. Kesho yake mjomba, mikono imejaa oili, aliniachia kupima.

"Mwipwa, zinapita zote tatu?"

Zilikuwa mbili, na zilipita kwa shida.

"Zinapita."

"Basi, funga."

Alienda nayo upande wa Kibombo kutafuta mchele. Mota ilikamata njiani, gurudumu likasimama, akaruka juu ya usukani, na bega lake halikurudi mahali pake tena. Mpaka anakufa alilaumu ile pistoni. "Ilizoea muhogo," alikuwa akisema, "ilitaka kunisaga na mimi." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nilinunua nyembe tatu kwenye kibanda, mpya, kwenye karatasi zake. Zilipita vizuri. Nilikuwa nimeshafungua segma kwa vidole gumba niivalishe pistoni, nikasimama. Niliuchukua wembe mmoja nikaupinda. Haukukatika. Ulijikunja kama karatasi, ukanyooka tena. Wembe wa siku hizi ni mwembamba. Tatu za leo labda ni mbili za mjomba, na za mjomba hazikuwepo nilinganishe. Nilitoka jasho la kuongeza maji ya mto Lualaba.

Nilirudi kibandani kununua wembe wa nne, na nilikuwa nasugua ncha za segma kwa tupa, mara moja, napima, mara moja, napima, mke wangu alipoingia.

"Papa ya batoto, mama amepiga simu, anauliza kama tunangojea jicho ya kushoto nayo ikufe."

"Bado kidogo. Naongeza mwanya, wembe wa nne."

"Tangu tuoane nasikia tatu, tatu. Leo njo nne?"

Nikamwambia yote. Bega, nyembe mbili, ile "zinapita" yangu. Hakuna mtu nimewahi kumwambia. Aliitazama segma mkononi mwangu.

"Zile ndevu ulinyoa, ni siku ulikuja kwetu, pale stesheni?"

"Siku ile."

"Sikuona hata kama umenyoa." Akafika mlangoni, akageuka. "Tia nne. Na wewe njo utapanda wa kwanza."

Nilipanda. Nilienda mpaka njia ya uwanja wa ndege na kurudi, mara sita, vidole viwili juu ya ambreyaji, ile klachi, niibane mota ikikamata, nikingojea kurushwa. Mota ilipata moto, ikatoa moshi wa kijiji kizima, haikukamata. Jumatano asubuhi mke wangu aliondoka, naye vidole viwili juu ya ambreyaji kama nilivyomwonyesha. Usiku ule sikula. Kwa kawaida nakula vyungu viwili.

Alhamisi jioni waliingia uani. Nilimtazama mke wangu viwiko, magoti, viganja. Hapakuwa na mkwaruzo. Mama mkwe alishuka taratibu, akageuza uso pembeni kama heshima inavyotaka, akasema na binti yake:

"Uliza mukwe kama alitengeneza pikipiki ao tanuru ya kukausha samaki."

Nilikuwa nimekaa chini tayari, katikati ya ua, naomba chungu cha kwanza.