Fundi Bomba Achagua Mti

Miti Fundi Bomba aliijua kama mshona viatu anavyowajua watu, yaani kwa chini. Kwa miaka thelathini na miwili alifukua mabomba ya maji taka katika nyua za watu, akatoa mizizi ya kila namna: myembamba kama nywele, minene kama paja, mingine imejisokota ndani ya bomba mpaka ukiivuta inatoka na umbo lake, kama soseji. Lakini majani ya miti hiyo hakuyajua. Mtu aliyeinama shimoni tangu asubuhi hana nafasi ya kutazama juu, na akitoka jioni, shingo haikubali.

Siku hizi akiisimulia habari hii hucheka yeye kwanza, asije akatanguliwa.

Wateja wake walimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa na hotuba. Kabla ya kuwaambia bei, aliwaambia makosa yao. "Mti na bomba ni wake wenza," alikuwa akisema, amesimama ukingoni mwa shimo na mzizi mkononi. "Ukitaka wakae uwanja mmoja, wape hatua kumi katikati. Na usiulaumu mzizi. Mzizi haupasui bomba zima. Unaingia palipo na uzembe wa fundi." Hapo alinyamaza, mwenye nyumba amkumbuke fundi aliyemwita kabla yake, amlaani moyoni.

Magoti yalipogoma akastaafu, akamalizia nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa. Mabomba yote aliyaweka kwa mkono wake. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo uliosakafiwa nusu, geti la chuma, na kifuniko cha chemba ya maji taka. Basi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, ikitazama uwanja huo.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia siku moja, uzi ukiwa mdomoni, "naangalia geti tangu asubuhi mpaka jioni kama askari. Nipandie mti."

"Mti gani?"

"Mlangilangi. Unanukia."

Fundi Bomba akakunja uso wa kitaalamu. "Mlangilangi unapanda mpaka mbinguni. Na mizizi yake je?"

"Umewahi kuukuta mzizi wake kwenye bomba la mtu?"

Alifikiri. Mizizi ya mkungu aliikuta. Ya mvinje aliikuta. Ya mpira ndiyo usiseme: mpira ulimsomeshea watoto. Ya mlangilangi, hata mara moja. Mtu mwingine angeishia hapo, akaenda kununua mlangilangi. Yeye akasema, "Ndiyo maana siuamini. Adui usiyemwona ndiye mbaya." Mkewe akautema uzi, akaendelea kushona.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, peke yake, maana alijiona ndiye mtaalamu. Mwuza miche alikuwa mwanamume mtaratibu, mwenye ndoo ya maji na bomba la kunyunyizia lililotoboka. Fundi Bomba alianza kwa kumkosoa bomba. Kisha akapita katikati ya miche mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Huu una maua, utachafua sakafu. Huu una miiba. Huu unavuta nyuki. Huu nao umenyooka mno, unafanana na jirani yangu.

Ndipo akauona. Ulikuwa kwenye chungu, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, na majani yake yalikuwa mazito, yanang'aa, ya kijani na maziwa, na pembeni wekundu kidogo, kana kwamba mtu aliyachora moja moja. Fundi Bomba alisimama mbele yake kama kijana aliyepishana na msichana sokoni.

"Huyu anaitwa nani?"

"Huyo namwita malkia wa baraza," mwuza miche alisema. "Hana maua, hana uchafu."

"Mizizi yake vipi?"

"Mizizi iko chini, mzee. Ukitaka isikusumbue, muache humo humo kwenye chungu."

Hapo, Fundi Bomba husema, ndipo Mungu aliponipa nafasi ya mwisho, na mimi nikaitumia kucheka. Kumfundisha yeye habari za mizizi! Alimwona yule bwana ni mtu wa majani, hajui ya chini. Akalipa, akabeba, na alipofika nyumbani akautoa mti chunguni siku hiyo hiyo, maana mti kwenye chungu aliuona ni ubahili.

Aliupanda kati ya baraza na chemba. Alipopima kwa hatua zilitoka tatu. Alisimama kidogo, akapima tena, zikatoka tatu na kidogo. Akajiambia kwamba hatua zake ni ndefu.

Mti ukampenda. Mwaka wa kwanza ulimfika kifuani, wa pili ulimpita. Kila Ijumaa asubuhi alikaa na beseni la maji na kitambaa laini, akayafuta majani, moja moja, juu na chini, na yale ya juu akayapandia ngazi, yeye mwenye magoti mabovu. Wapita njia walisimama getini kuuliza mti gani huo, naye akawaambia lile jina la kitaluni, malkia wa baraza, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo cha mwanawe.

"Hata mimi hujawahi kunifuta uso hivyo," mkewe alisema kutoka barazani.

"Wewe hushiki vumbi," alijibu, akaona amejibu vizuri.

Mwaka wa tano, mmoja wa watoto wao pacha, wa kike, akapata mchumba, na wazazi wa kijana wakaja kula chakula cha mchana. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Mama alikuwa na mkoba mdogo na macho yanayohesabu. Fundi Bomba alivaa shati la mikono mirefu. Waliusifu mti, akawaeleza kuhusu mti. Waliisifu nyumba, na hapo akajisahau kabisa.

"Nyumba hii," alisema, akigonga ukuta, "bomba lake hata moja halijaguswa na mkono wa mtu mwingine. Nimeweka mwenyewe. Mjukuu wangu atazeeka hajamwita fundi."

Baada ya chakula mama wa kijana aliomba kuonyeshwa msalani. Alikaa huko muda wa kutosha watu kuanza kuzungumzia mvua. Alipotoka alitembea kwa uangalifu, ameinua gauni kidogo, akamwinamia mwenyeji wake wa kike akamnong'oneza. Mkewe Fundi Bomba naye akaja akamwinamia mumewe.

"Maji yanarudi," alisema.

"Yanarudi wapi?"

"Yanarudi yalikotoka, Baba Pacha. Viatu vya mkweo vimelowa."

Alikwenda na shati lake la mikono mirefu. Sauti aliijua kabla ya kufungua mlango: ile gogogo ya bomba linalokabwa koo. Kwa miaka thelathini na miwili aliisikia sauti hiyo katika nyumba za watu, na kila mara, habishi, alikuwa akifurahi kidogo. Safari hii alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kitambaa cha kupigia deki mkononi, akatamani wageni wake wawe viziwi. Aliporudi sebuleni alisema ni hewa tu imeingia kwenye mabomba. Mwalimu wa hesabu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeona jibu limekosewa lakini aliyelikosea si mwanafunzi wake. Wageni waliaga mapema.

Asubuhi alichimba. Magoti yalimkatalia alipofika kina cha kiuno, ikabidi ampigie simu Spana, mwanamke aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe tangu akiwa binti wa miaka kumi na tisa, na ambaye sasa alikuwa na gari lake na vijana wake wa kazi. Spana alikuja peke yake, kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna nini?"

"Marahaba. Bomba la jirani limeniletea shida," alisema Fundi Bomba, amesimama ndani ya shimo la uwanja wake, juu ya bomba lake.

Spana alikunja mikono ya shati. Aliruka ndani, akachukua sururu, na baada ya robo saa bomba likawa wazi. Kiungo kimoja kilikuwa kimeachama, na mzizi ulikuwa umeingia pale kama mkono wa mtu unaotafuta funguo mfukoni. Spana akaukata. Utomvu mweupe ukachuruzika.

Fundi Bomba alishusha pumzi. Uso wa mti ule ameutazama miaka mitano, ameufuta kila Ijumaa, asiujue. Mguu wake akautambua kwa kuuona mara moja. "Mpira," alisema.

"Mpira," Spana alikubali. Akainua macho kuyatazama majani yale ya kijani na maziwa. "Ni mpira uliojipaka poda, mwalimu. Hukujua?"

"Nilijua mpira una majani ya kijani tu."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Hilo alilibuni mwenyewe, sasa hivi, akiwa shimoni.

Spana alipitisha kidole kwenye kiungo. Kilikuwa kikavu, hakina hata alama ya gundi. Alimtazama mwalimu wake, na mwalimu wake akakumbuka: jioni moja, miaka mingi nyuma, gundi imeisha kwenye kopo, kimebaki kiungo kimoja tu, naye akalisukuma bomba kwa nguvu akasema kesho nitakuja kupaka. Kesho yenyewe alikwenda kwa mteja, akatoa hotuba.

"Mzizi haupasui bomba zima," Spana alianza, taratibu, kama mtoto anayekariri.

"Usimalize," Fundi Bomba alimwambia. "Nimeelewa."

Mganga hajigangi, watu husema, lakini mganga wa namna hii hata kujilaza kitandani atibiwe hakupenda. Ilimchukua siku mbili kukubali kwamba mti lazima ukatwe. Aliuzunguka, akazungumzia kujenga ukuta chini ya ardhi, akazungumzia kuhamisha choo. Siku ya tatu Spana alileta msumeno. Fundi Bomba aliushika, akauweka kwenye shina, akaurudisha.

"Kata wewe," alisema. "Mimi nimeuosha sana."

Hakulifanyia mzaha hilo, na hata leo akifika hapo hupunguza sauti. Aliingia ndani mpaka kelele zikaisha. Mkewe alimletea chai, akakaa karibu naye mpaka kikombe kikaisha. Kisha akarudi barazani kwenye cherehani. Fundi Bomba alisikia cherehani ikienda, ikasimama, ikaenda, ikasimama tena. Alipochungulia, alimwona ameinamia gauni la mteja, mabega yanatikisika, machozi ya kicheko yanaloanisha kola.

"Jirani," alisema mkewe aliposhikwa, akijifuta. "Eti bomba la jirani."

Kicheko chake kilimwambukiza, wakacheka wote wawili mpaka mteja aliyekuja kuchukua gauni lake akarudi nyuma, akidhani kuna ugomvi.

Spana aliweka bomba jipya, lililopita mbali upande wa ukuta, na kila kiungo kikapakwa gundi mbele ya macho ya mwenye nyumba, kopo zima, mpaka Spana akamwomba asogee asije naye akagandishwa. Binti aliolewa. Mama mkwe alipokuja tena alikuwa amevaa ndala, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Safari ya pili ya kitaluni walikwenda wawili, mkewe mbele na futi yake ya kushonea shingoni. Fundi Bomba hakutaka tena kudanganywa na sura. Alimwomba mwuza miche auvue mche mfuko wake ili atazame mizizi.

"Mzee," yule bwana alisema, "mche nao una haya. Haufunuliwi barabarani."

"Nauliza tu."

"Mara ya kwanza uliuliza, nikakwambia muache kwenye chungu."

Fundi Bomba alikubali, akabeba mfuko wa mbolea na kunyamaza. Mkewe alichagua mlangilangi, mrefu kama mkono, usio na cha kuonyesha, majani yake yananing'inia kama ya mti unaoumwa. Waliupanda kwenye pembe ya mbali, mkewe akapima kwa futi yake mara sita akiandika kwa chaki ya nguo sakafuni. Fundi Bomba alishika ncha nyingine ya futi, akasema ndiyo kila alipotakiwa.

Mwaka wa tatu ulichanua. Maua yake ni ya manjano, yamelegea, huwezi kuyasifu kwa macho. Lakini jua likianza kushuka, harufu yake inaijaza nyumba nzima, tamu, nzito, mpaka kwenye nguo za wateja. Watu husimama getini kuvuta pumzi.

Mkewe Fundi Bomba harufu hiyo inamuumiza kichwa. Hajasema. Saa kumi na moja ikifika anahamisha cherehani kwenda chumba cha nyuma, anafunga dirisha la mbele, kisha anafunga na pazia.

"Mbu," anasema.

Fundi Bomba, ameketi barazani na kikombe chake, anaitikia kwamba kweli, mbu mwaka huu wamezidi, na anamfungia mlango taratibu.