Casilda na Misiba ya Watu

Casilda Berrocal alifuma mablanketi miaka arobaini na mitatu katika kiwanda cha sufu pale mjini Béjar, na muda wote huo kusoma hakujua. Alipotimiza miaka sabini na mmoja, mume amekwisha kuzikwa na watoto wako Bilbao, akajiandikisha darasa la watu wazima, kila Jumanne alasiri, katika chumba cha juu ya maktaba.

Majira ya kuchipua walisoma hadithi ya zamani ya maskini mmoja mjanja, aliyewaibia mabwana zake mkate ili asife njaa. Mwalimu wao, binti mmoja mpole aitwaye Nieves, akauliza, "Haya, huyu ni shujaa, au amekalia tu kiti cha shujaa bila sifa zake?"

"Shujaa wa wapi!" akadakia mzee Onofre, mstaafu wa reli. "Mwizi ni mwizi, hata umvike joho la askofu."

Darasa zima likacheka. Casilda hakucheka.

"Basi niite na mimi mwizi, mzee," alisema.

Neno likishatoka halirudi. Ikabidi asimulie. Miaka ya njaa baada ya vita, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa akitega sikio kwa kengele za makanisa ya vijijini. Ikilia ya msiba, anajitanda shela nyeusi ya mama yake, anakwenda kumlilia marehemu asiyemjua, kwa sababu waombolezaji hupewa supu na mkate. Kijijini Valdehorno alipitiliza. Alimwambia mjane kwamba marehemu aliwahi kumpakia kwenye punda wake siku ya theluji, akamwokoa. Mjane akamkumbatia, akampa nusu ya jibini.

"Nimekula jibini la mfiwa kwa uongo," alisema. "Hata padri sijamwambia."

Nyuma kabisa, Basilisa, mama wa miaka sitini asiye na maneno mengi, alivua miwani.

"Valdehorno, nyumba yenye mtini mlangoni?"

"Hiyo hiyo."

"Marehemu alikuwa baba yangu."

Casilda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba hakuwahi kuwa na punda," Basilisa akaendelea. "Alikuwa akiwaogopa punda kama kifo."

"Mungu wangu! Kwa hiyo mama yako..."

"Alijua tangu mwanzo. Lakini baba alikuwa mkali, dada. Siku ile hata ndugu zake hawakupata jema la kumsemea. Ukaja wewe, mwembamba kama ufito, ukamsifu. Mama akatukonyeza tunyamaze. Mpaka uzeeni, akitaka kucheka, alikuwa anatuuliza: 'Punda wa baba yenu amekula?'"

Casilda akacheka mpaka akashika mbavu. Jiwe alilolibeba kifuani miaka hamsini likawa limeondoka.

Mzee Onofre akakohoa. "Mimi nilikuwa nachimba viazi vya jirani," alisema, macho chini. "Vichache tu."

"Ahaa! Askofu huyo!" wakamzomea.

"Sasa tuseme ni nani, huyu wa kitabuni?" Nieves akauliza.

"Si shujaa, mwanangu," Casilda akajibu. "Ana njaa na ana akili, basi. Mwite utakavyo, ila usimnyime kiti."

Darasa lilipokwisha, wanawake wale wawili waliteremka mtaa wa mlimani wameshikana mikono, wakaingia kwa mwoka mikate kununua biskuti, huku Basilisa akieleza jinsi mama yake alivyokuwa akitengeneza jibini.