Bata wa Hilda

"Desmond! Mfunge huyo mbwa wako, la sivyo nitakufunga wewe!"

Hilda Croome alisimama ufukweni, darubini kifuani, uso mwekundu kama shungi la jogoo. Juu yake bata bukini wa mwituni walikuwa wanapaa kundi zima, wakilalamika.

"Anacheza tu, jirani," akajibu Desmond Pask. "Tofi hana ubaya na mtu."

"Wametoka huko kwenye barafu, wamebaki mifupa. Kila akiwakurupusha, kile walichokula asubuhi kinaishia angani. Na ule mkate wangu wa soseji alioiba mwaka juzi, nao alikuwa anacheza nao?"

"Nitakulipa mkate wako!"

"Tangu mwaka juzi unalipa."

Mimi nauza chai pale ufukweni, ugomvi wao naujua kama sala. Watu walimwona Hilda ni kizee mkorofi anayejali ndege tu. Hawakujua kwamba tangu mumewe afe, nyumba ilinyamaza naye akawa hapati usingizi. Ila Oktoba ikifika, bata wakatua kwenye fungu la mchanga chini ya dirisha lake na kunong'onezana, alilala kama mtoto mgongoni.

"Wakihamia ng'ambo, Doreen," aliniambia, "baridi hii itanimaliza."

Basi asubuhi moja ukungu ulishuka, hata mkono wako huuoni. Maji yalikuwa yanajaa. Desmond akatokea kibandani kwangu ameshika kamba tupu, sauti imemkauka kwa mafua.

"Tofi kapotea. Nimemwita hadi koo limekufa."

Hilda aliweka kikombe chini. "Nyamazeni."

Kwa mbali, bata walikuwa wanagomba, upande mmoja tu.

"Yuko kwenye fungu. Wanamtukana yeye."

Fungu lilikuwa linazungukwa na maji. Hilda alinitazama mimi, akautazama ukungu. Kupiga kelele ni kuwarusha wote, na huenda wasirudi. Akaweka viganja mdomoni.

"Tofiii! Njoo, mwizi mkubwa wewe! Soseji!"

Hatukuwaona wakiruka. Tulisikia mbawa tu, kama mashuka yanakung'utwa mbinguni, na matone yakatudondokea usoni. Kisha kichwa cha mbwa kikaja kikiogelea kutoka kwenye weupe.

Bata hawakurudi. Hilda akawa anakuja kunywa chai macho mekundu kwa kukosa usingizi. Desmond akamfunga Tofi kamba, akawa anapita njia ya nyuma ya ua, mbali na bata, na yeyote aliyemfungulia mbwa wake ufukweni alitukanwa naye kuliko alivyowahi kutukanwa yeye.

Hata asubuhi moja nikasikia minong'ono ya bata kule kwenye fungu. Hilda alikuwa kwenye benchi la kibanda changu, kinywa wazi, usingizi umembeba.

Desmond alikuja kwa ncha za vidole, akamwekea mapajani mkate wa soseji, unatoa moshi. Tofi aliutazama, akashusha pumzi, akajilaza miguuni pa Hilda.

"Nimuamshe?" akaninong'oneza.

"Thubutu!" nikamjibu. "Umeshalipa. Ondoka na mabuti yako ya kelele."