Mlingoti Uliotutangazia Misiba

Mlingoti wa redio ulisimamishwa kwenye kilima cha juu ya Karurumo nikiwa darasa la tatu. Mafundi waliupandisha kipande kwa kipande. Ulipowashwa na redio yetu ikaacha kukwaruza, mama aliwapelekea uji kwa furaha. Sasa aliweza kusikia matangazo ya vifo bila kubahatisha.

Jioni yakisomwa, hata kukohoa kulikatazwa. Lilitangulia jina la marehemu, kisha watoto, kisha ndugu zake kwa kufuata umri, halafu siku ya mazishi. Mama hakukosa kumzika mtu wake hata mmoja. Simu aliikataa katakata.

Mwaka jana kituo kilihamia mbali, mlingoti nao ukaangushwa. Mafundi walikata waya zilizoushikilia upande mmoja, ukainama polepole, ukalala kwa kishindo. Nilikuwa nimetoka kazini Embu mjini kuja kutazama, nikashangilia na wengine. Naona aibu nikikumbuka.

Mama hakushangilia. "Na sasa mtu akikufa tutajuaje?"

"Si niko, mama? Mimi ndio redio yako sasa."

Watu walicheka, nami nikajiona mjanja.

Miezi michache baadaye nilibadilisha laini ya simu. Wa kazini niliwaambia siku hiyo hiyo. Wa Kiritiri, kwa dada mkubwa wa mama, nilisema nitawaambia kesho, na kesho ikawa hivyo hivyo.

Kisha nikakutana sokoni Embu na binamu yangu wa huko Kiritiri. Mkono alinipa kwa shingo upande.

"Mlitukosea," akasema. "Kweli mama yako ashindwe kuja kuzika dada yake? Tulitangaza kwa redio siku tatu. Na wewe simu yako haishiki."

Walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

Nilimkuta mama akichuma kahawa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningeketi ningeshindwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliendelea kuchuma mpaka tawi likaisha.

"Mimi ndiye nilimfuata kuzaliwa," akasema. "Jina langu walisoma?"

"Walisoma, mama."

"Mbele ya ndugu wale wengine?"

Nikamwambia ndiyo, mbele ya wote. Kumbe hata sikuwa nimeuliza.